Maji ya chumvi shavuni: jinsi sindano za makovu ya chunusi zinavyojaribiwa

Mwaka 2014 yalichapishwa matokeo ya jaribio la sindano ya kujaza makovu ya chunusi, lililofanyika Marekani kwa watu 147 wenye makovu yaliyobonyea usoni. Katika kila watu watatu, wawili hivi walidungwa kijazo na mmoja akadungwa maji ya chumvi, yale yale ya hospitalini. Hakuna aliyeambiwa amepata nini. Miezi 6 baadaye, asilimia 64 ya waliopata kijazo walihesabiwa kuwa wamefaulu. Hiyo ndiyo namba inayopendwa kwenye matangazo. Iliyonivuta mimi ni ya upande wa pili: asilimia 33 ya waliodungwa maji ya chumvi nao walifaulu, kwa kipimo kile kile.

Theluthi nzima, kwa maji ya chumvi! Ukishaelewa kwa nini ilikuwa hivyo, umeelewa sehemu kubwa ya namna matibabu haya yanavyopimwa, na kwa nini mengi yanayouzwa kwa jina la tiba ya makovu hayajapimwa kabisa. Ni jambo la kujali. Watu wenye makovu haya wanabeba mengi: wapo wanaochagua upande wa kukaa kila wanapopigwa picha, wapo wanaozima taa ya juu ya kioo, wapo waliomaliza akiba yao kwenye krimu ambazo haziwezi kuinua ngozi hata chembe. Mtu wa namna hiyo akioneshwa picha mbili, ya kabla na ya baada, huamini haraka. Ana haki ya kujua picha hizo zinathibitisha nini na zinashindwa kuthibitisha nini.

Kovu lenyewe kwanza

Chunusi inapovimba kwa kina, uvimbe huo huharibu kolajeni, yaani nyuzi za protini zinazoipa ngozi unene na uimara. Jeraha likipona huku kolajeni imepungua, ngozi hubonyea. Tena nyuzi ngumu za kovu zinaweza kuifunga ngozi ya juu na tabaka lililo chini yake, zikaivuta kwa ndani. Kwa hiyo chini ya shimo moja huenda kuna matatizo mawili: nyama imepungua, na ngozi imefungwa. Kijazo hutibu la kwanza. La pili peke yake hakiliwezi sana.

Mwaka 2001 madaktari Jacob, Dover na Kaminer walipendekeza mgawanyo wa makovu yaliyobonyea ambao unatumika mpaka leo. Kuna yale membamba na ya kina, yasiyofika upana wa milimita 2. Kuna yenye kingo zilizosimama wima na kitako bapa, ya milimita 1.5 hadi 4. Na kuna ya mawimbi, mapana, ya milimita 4 hadi 5 au zaidi, ambayo hayana ukingo unaoeleweka. Ngozi inapanda na kushuka tu. Nyuso nyingi zina mchanganyiko wa yote matatu.

Kabla ya kufikiria sindano, daktari anayejua kazi yake hufanya jambo dogo. Anaweka vidole viwili pande mbili za kovu na kuivuta ngozi taratibu. Kovu likijinyoosha na kutoweka, chini yake kuna nafasi ya kupokea kijazo. Likibaki vile vile, limefungwa au lina kina kupita kiasi. Ukilijaza hilo, kijazo hukimbilia pembeni ambako ngozi ni laini, kinainua eneo linalolizunguka, na shimo linaonekana zaidi kuliko mwanzo.

Jaribio la 2014 lilichagua watu wenye makovu ya mawimbi yasiyopungua manne, yenye ukali wa wastani au zaidi. Uamuzi huo ulifanyika kabla ya bomba la kwanza kujazwa, nao umebeba nusu ya matokeo. Asilimia 64 ni habari ya makovu ya mawimbi yanayojinyoosha. Mwenye matundu membamba na ya kina hakuwa ndani ya namba hiyo. Ajabu ni kwamba anaonyeshwa namba hiyo hiyo anapoenda kuuliza bei.

Makovu yaliyoinuka, pamoja na keloidi, ni kesi ya kinyume: kolajeni imezidi, na sindano yake ya kawaida ni dawa ya jamii ya steroidi, triamsinoloni, inayoyapunguza unene. Majaribio yake yana maswali yake, na hapa siyaingii.

Kilichomo ndani ya bomba

Kijazo cha jaribio lile kinaitwa Bellafill. Kina vidonge vidogo mno vya plastiki ya PMMA, mviringo na laini, vyenye kipenyo cha mikroni 30 hadi 50, vinavyoelea ndani ya kolajeni ya ng'ombe pamoja na lidokeini kidogo kama ganzi. Asilimia 20 ni vidonge hivyo, 80 ni kolajeni. Kolajeni ya ng'ombe hunyonywa na mwili ndani ya miezi michache. Vidonge vya plastiki hubaki, kwa kuwa ni vikubwa mno kumezwa na seli za ulinzi, na mwili hujenga kolajeni yake kuvizunguka. Kwa kuwa baadhi ya watu wana mzio wa kolajeni ya ng'ombe, kwanza hudungwa tone dogo mkononi, kisha husubiriwa wiki 4 kuona kama pale patavimba.

Asidi ya hayaluroniki, ambayo ndiyo kijazo kinachotumika zaidi duniani, ni kitu kingine. Ni jeli inayovuta maji, hukaa miezi kadhaa kisha huyeyuka, na mambo yakiharibika inaweza kuyeyushwa makusudi kwa kudunga kimeng'enya cha hayaluronidasi. PMMA haina kiyeyushi. Ikikaa vibaya, njia iliyobaki mara nyingi ni kuikata.

Kisha kuna sindano za seli za mgonjwa mwenyewe. Vipande vidogo vya ngozi hukatwa nyuma ya sikio, hupelekwa maabara, na fibroblasti, ambazo ndizo seli zinazotengeneza kolajeni, hukuzwa kwa wiki nyingi hadi zifike mamilioni, kisha hurudishwa shavuni kwa sindano. Tiba moja ya aina hii, azficel-T, iliidhinishwa Marekani mwaka 2011 kwa ajili ya mikunjo kati ya pua na mdomo, nayo pia imejaribiwa kwenye makovu ya chunusi.

Na kuna PRP: damu ya mgonjwa huzungushwa kwa kasi kwenye mashine mpaka ipatikane plazima yenye chembe sahani nyingi, zile zinazogandisha damu na kutoa viamsho vya uponyaji. Inauzwa sana kwa sababu malighafi yake ni damu ya mteja. Majaribio yake kwenye makovu ni mengi lakini mengi yao ni madogo, mara nyingi inachanganywa na tiba nyingine kama vijisindano vya kutoboa ngozi, na kila kliniki huizungusha damu kwa namna yake, kiasi kwamba PRP ya hapa si PRP ya pale. Ukiniuliza, hapa ndipo pengo kati ya sauti ya matangazo na ubora wa ushahidi lilipo kubwa zaidi.

Tofauti hizi zinabadilisha jaribio lenyewe. Kijazo kinachoyeyuka kinahitaji kufuatiliwa mpaka kiyeyuke. Kisichoyeyuka kinahitaji kufuatiliwa kwa miaka, kwa sababu tatizo lake linaweza kuchelewa. Tiba ya seli haiwezi kuanza kupimwa siku ya pili, kwa kuwa seli zinahitaji muda wa kufanya kazi.

Maji ya chumvi yalifanya nini?

Jibu la haraka la wengi ni kwamba wagonjwa walidhani wameponywa. Imani ina nafasi yake, ila si yote, na naona ni kuwakosea wale watu kusema walijidanganya.

Fikiria kinachotokea sindano inapoingia. Ncha yake hupita ndani ya ngozi chini ya kovu, mara nyingi ikisukumwa mbele na kurudishwa nyuma kwa mstari. Inapopita, inaweza kukata nyuzi zinazolivuta kovu chini. Kuna upasuaji mdogo uliojengwa juu ya wazo hilo hilo, ulioelezwa na Orentreich na Orentreich mwaka 1995, ambapo sindano yenye makali hupitishwa chini ya kovu kwa makusudi ili kuliachia. Jeraha la sindano nalo huamsha uponyaji, na uponyaji hutengeneza kolajeni mpya. Kwa hiyo maji ya chumvi hayakuwa bure kabisa: yalikuja na sindano, na sindano ni tiba ndogo.

Kuna pia jambo la siku ambayo mtu anaingia jaribioni. Watu hutafuta msaada makovu yanapowasumbua zaidi, na kigezo cha kukubaliwa ni makovu kuonekana makali siku ya kupimwa. Siku hiyo huenda ngozi ilikuwa imechoka, au mtathmini alitoa alama kali kidogo. Akipimwa tena baada ya miezi 6, hata bila chochote, wastani utasogea kuelekea hali yake ya kawaida. Wanatakwimu wanalijua jambo hili vizuri, na ndiyo sababu hawakubali kipimo cha kabla na baada peke yake. Uvimbe mdogo unaobaki baada ya kudungwa nao huficha mashimo kwa siku kadhaa, ndiyo maana picha ya wiki ya kwanza haina thamani.

Kundi la maji ya chumvi linachukua vyote hivyo: sindano, muda, matumaini, uchovu wa mtathmini. Kinachobaki unapotoa 33 kutoka 64 ndicho unachoweza kukiita kazi ya kijazo. Ni alama 31 za asilimia. Kwa maneno mengine, kati ya kila watu watatu hivi wanaodungwa, mmoja anafaulu ambaye asingefaulu kwa maji ya chumvi. Mwingine katika hao watatu angefaulu hata hivyo. Kwangu haya ni matokeo mazuri. Lakini kliniki isiyo na kundi la kulinganisha itawahesabu wote wawili kuwa ni kazi ya dawa yake, na haitakuwa inasema uongo kwa makusudi. Haina tu njia ya kuwatofautisha.

Kuficha kisichofichika

Ugumu wa majaribio haya ni kwamba kijazo na maji ya chumvi havifanani. Jeli ni nzito, bomba lake ni gumu kusukuma, na rangi yake si ya maji. Daktari anayedunga anajua ndani ya sekunde moja anachodunga, na hakuna namna ya kumzuia asijue. Suluhisho ni kumgawa daktari awe watu wawili: anayedunga, ambaye anajua lakini haruhusiwi kutoa alama, na anayetathmini, ambaye haingii chumba cha sindano kabisa. Mgonjwa huzibwa asilione bomba, na anayedunga anatakiwa awe na uso na maneno yale yale kwa kila mtu. Ukisoma ripoti ya jaribio la sindano na ukakuta daktari aliyedunga ndiye aliyetoa alama, soma yanayofuata kwa tahadhari kubwa.

Jaribio la azficel-T kwa makovu ya chunusi, lililochapishwa mwaka 2013, lilitumia mbinu nyingine. Washiriki 99 walidungwa seli zao shavu moja na kimiminika kisicho na seli shavu la pili, mara tatu, wiki mbili mbili. Mtu anajilinganisha na mwenyewe: umri ule ule, ngozi ile ile, jua lile lile. Mbinu hii inahitaji watu wachache ili kuona tofauti. Ubaya wake ni kwamba mgonjwa anaweza kukisia shavu lipi limepata kitu, kisha akaanza kuliangalia kwa jicho la upendeleo.

Matokeo yake yanafundisha. Wagonjwa wenyewe walipoulizwa, asilimia 43 walifaulu kwa shavu la seli na 18 kwa shavu lisilo na seli. Watathmini walipoulizwa, ilikuwa 59 kwa 42. Tazama namba hizo mara ya pili. Madaktari waliona nafuu kwenye shavu lisilo na seli zaidi ya mara mbili ya wagonjwa. Ukitoa moja kwa nyingine, mgonjwa anaona tofauti ya alama 25, daktari anaona 17. Ni watu wale wale, sindano zile zile, na majibu mawili, kwa kuwa kila upande ulikuwa na swali lake na mizani yake. Mwenye kovu analijua kovu lake kwa miaka; si rahisi kumwambia limepungua.

Taa, mizani na picha

Kovu lililobonyea halina rangi yake. Tunaliona kwa kivuli chake. Taa ikimulika usoni kutoka mbele moja kwa moja, kivuli kinakufa na ngozi inaonekana laini. Ikimulika kutoka pembeni, kila shimo linajitokeza, kama jua la jioni linavyofichua kila kibonde cha uwanja uliokuwa ukionekana tambarare saa sita mchana. Mtu yeyote mwenye simu anaweza kutengeneza picha ya kabla na ya baada ndani ya dakika moja bila dawa yoyote, kwa kusogeza taa tu na kuinua kidevu kidogo.

Kwa hiyo jaribio la maana hufunga vitu hivi. Kamera inakaa mahali pamoja, kichwa kinaegemezwa kwenye kishikio, taa zina pembe ile ile, vipodozi vinafutwa. Siku hizi kuna kamera za vipimo vitatu zinazopima ujazo wa shimo. Zinasaidia, ingawa kupungua kwa ujazo ambako hakuna mtu anayekuona kwa macho hakumsaidii mgonjwa chochote.

Mizani nayo ni uamuzi. Katika jaribio la Bellafill, mtu alihesabiwa kuwa amefaulu ikiwa angalau nusu ya makovu yake yaliyotibiwa yalishuka ukali kwa ngazi mbili au zaidi kwenye mizani ya ngazi nne. Hicho ni kigezo kigumu, na ni sifa kwa jaribio. Lakini kumbuka maana yake: mtu anaweza kufaulu huku nusu nyingine ya makovu ikiwa vile vile, na kwenye mizani hiyo hakuna sharti la kovu kufutika. Neno "kufaulu" likitoka kwenye ripoti na kuingia kwenye tangazo, maelezo hayo hubaki nyuma.

Madhara yanayohitaji subira

Jaribio linalotosha kuonyesha kwamba dawa inafanya kazi mara nyingi halitoshi kuonyesha kwamba ni salama. Kuna kanuni rahisi ya hesabu: ukifuatilia watu 150 na tukio baya lisimpate hata mmoja, bado haiwezekani kukataa kwamba litampata mtu mmoja kati ya kila 50. Madhara ya kutisha zaidi ya vijazo ni machache kuliko hapo. Kijazo kikiingia ndani ya mshipa wa damu wa uso kinaweza kuziba damu, ngozi ikafa, na katika matukio machache sana mtu amepoteza uwezo wa kuona kwa sababu mishipa ya uso imeungana na ile ya jicho. Hatari hiyo haijulikani kwa kusoma jaribio dogo. Inajulikana kwa kukusanya taarifa za matumizi ya miaka mingi.

Kwa kijazo kisichoyeyuka kuna tatizo la vinundu vya uvimbe, granuloma, ambavyo vinaweza kujitokeza miezi au miaka baada ya sindano. Ndiyo sababu kijazo hiki hiki cha PMMA kilifuatiliwa kwa miaka 5 kwa watu 1,008 waliodungwa kwenye mikunjo ya uso, na asilimia 1.7 walithibitika kuwa na granuloma. Ni wachache, na bado ni watu 17 wenye uvimbe usoni. Miezi 6 ya jaribio la makovu isingewaona wote.

Wenye ngozi nyeusi wana sababu ya ziada ya kusoma kwa makini. Leza na kemikali za kuchubua zinaweza kuwaachia madoa meusi yanayokaa muda mrefu kuliko wanavyotarajia, hivyo sindano inavutia kwa kuwa haiunguzi ngozi ya juu. Jaribio la Bellafill halikuona tofauti ya maana ya matokeo kwa wenye ngozi nyeusi, na hiyo ni habari njema. Lakini ukigawa watu 147 kwa rangi ya ngozi, kisha kwa walichodungwa, vikundi vinakuwa vidogo. Kutoiona tofauti kwenye kikundi kidogo si sawa na kuthibitisha kwamba haipo. Aliyewahi kupata keloidi anapaswa kulisema hilo kabla ya kitu kingine chochote.

Mwisho, angalia muda wa ulinganisho. Katika majaribio mengi ya aina hii, waliopata maji ya chumvi hupewa nafasi ya kupata dawa halisi mara kipindi kikuu kinapokwisha. Ni haki yao, na bila ahadi hiyo wengi wasingekubali kujiandikisha. Ila kuanzia siku hiyo hakuna tena kundi la kulinganisha. Ripoti ikisema baada ya mwaka mmoja wagonjwa bado wameridhika, jua kwamba namba hiyo imesimama peke yake, bila ya maji ya chumvi pembeni yake.

Mwishoni mwa 2014 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliruhusu Bellafill kwa makovu ya chunusi, na maneno ya kibali yanafaa kusomwa moja moja: makovu ya wastani hadi makali, yaliyobonyea, yanayojinyoosha, ya shavuni, kwa mtu aliyevuka miaka 21. Kila neno linaonyesha mpaka wa ushahidi. Paji la uso halimo. Kovu lisilojinyoosha halimo. Kijana wa miaka 17 ambaye chunusi bado zinamtoka hayumo, na kwake yeye tiba ya makovu inayojulikana kufanya kazi kuliko zote ni kuzitibu chunusi zenyewe mapema, kabla hazijaacha alama.

Daktari anaweza kudunga nje ya mipaka hiyo, na wakati mwingine ana sababu nzuri. Akifanya hivyo, muulize anategemea ushahidi gani, kijazo ni kipi kwa jina, kinayeyushika au hakiyeyushiki, na kama ana hayaluronidasi karibu endapo atatumia asidi ya hayaluroniki. Kisha mwombe akuvute ngozi kwa vidole mbele ya kioo, taa ikiwa pembeni, ujionee mwenyewe ni makovu yapi yanayojinyoosha.